Kufuli la Kabati la Sukari

Mtaani walimwita Mzee Kitasa, na jina lilimkaa. Miaka thelathini alikuwa akiwafungulia milango watu waliopoteza funguo, na kazi hiyo ilimfunza jambo moja tu: kitu kikipungua au kuongezeka ndani, yupo mtu aliyeingia.

Basi alipoambiwa ana kisukari, hakuwa na haja ya ushauri mrefu. Alipiga kufuli kabati la jikoni, sukari, mkate na asali ndani, ufunguo akautia mfukoni. Akalala na njaa ili kuikomoa sukari. Asubuhi akajitoboa kidole, akatazama kimashine cha kupimia sukari: kumi na moja. Jana yake jioni kilisoma nane!

"Mama Watoto," akaita, uso ameukunja, "umenitilia nini kwenye maji?"

"Mimi?" Mkewe aliiweka sufuria chini polepole. "Nikutilie nini, na ufunguo unalala nao?"

Hakuambilika. Akabadilisha kufuli, akaweka lile kubwa la geti. Sukari ikapanda vilevile. Siku ya nne mkewe alichoka.

"Leo kliniki tunakwenda wote. Nikionekana mwizi, nafunga virago. Nisipoonekana, utaniomba radhi mbele ya watu."

Muuguzi aliwasikiliza huku akijizuia kucheka. "Baba, mwizi unaye tumboni. Ini lako lina akiba ya sukari. Ukikaa na njaa, kongosho linatoa homoni iitwayo glukagoni, nayo inaliambia ini liimwage akiba hiyo kwenye damu. Wa kulizuia ni insulini. Kwako insulini ni kidogo, na mwili wenyewe hauisikii vizuri. Hivi vidonge vinalihimiza kongosho liitoe zaidi. Meza kimoja, na chakula. Usimeze na njaa."

Mzee Kitasa alikohoa, akazisifu bawaba za mlango wa kliniki. Radhi haikutoka.

Kesho yake bwana mkubwa, aliyefanyiwa ujanja na ini lake mwenyewe, aliamua kulitia adabu. Akameza vidonge viwili kwa mpigo, chakula cha mchana akakisusa. Alasiri jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio. Alijua sukari imeshuka, na alijua iliyobaki iko wapi. Akatoa ufunguo. Mikono ilimtetemeka hata asilipate tundu. Fundi aliyefungua nusu ya mtaa alishindwa kufungua kabati lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aliogopa kufa.

"Mama Watoto!"

Mkewe alikuja na nyundo. Mapigo matatu, kufuli likang'oka na ubao wake. Na safari hii kweli alimtilia sukari kwenye maji, vijiko vinne, mchana kweupe, akamshika kichwa anywe.

"Nisamehe," mumewe akasema, meno yakigonga kikombe. "Nimekuonea bure."

"Kunywa kwanza," mkewe akamjibu. "Hapa hakuna watu. Hiyo utairudia kesho kliniki."