Tangi Chini ya Bikira wa Mzee Donato

Si kweli kwamba Gaetano Iannuzzi alimvunja Bikira Maria wa sanamu kwa sururu. Si kweli pia kwamba alimtupa nyuma ya gari pamoja na matairi mabovu, wala kwamba siku hiyo alikuwa amelewa. Wanaoyasema haya hapa Bloomfield ni walewale walioapa kwamba aliuawa na laana. Madaktari walisema ni moyo, lakini daktari ni nani mbele ya jirani Bernadette Kowalczyk akiwa ameegemea uzio wake?

Gaetano alikuwa mpima nyua. Nyumba za zamani za New Jersey zilipashwa joto kwa mafuta, na mafuta yalikaa katika tangi la chuma lililozikwa bustanini. Gesi ilipofika, watu wakalisahau tangi kama wanavyosahau ndugu aliyefungwa jela. Tangi haliwasahau. Linaoza, linavuja, na siku linapofumuliwa, uchafu wote ni wa mwenye nyumba wa siku hiyo. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hutanguliza mtu wa kupima, na kwa miaka ishirini na sita mtu huyo mara nyingi alikuwa Gaetano, na mashine yake ya kunusa chuma, na kofia ya sufu aliyoivaa hata mwezi wa Julai.

Hakuanza na mashine. Alianza chini, katika chumba kilicho chini ya nyumba, akipapasa kuta kwa tochi kutafuta mabomba ya shaba yaliyokatwa, yale yaliyoleta mafuta kutoka tangini. "Chuma kinadanganya," alizoea kusema. "Ukuta haudanganyi." Wenzake waliopima nyua sita kwa siku walimcheka. Yeye alipima mbili, na hakuwahi kurudiwa na mteja akilia.

Mwaka aliotimiza sitini, shemeji yake Assunta, mdogo wa mkewe, aliamua kuiuza nyumba ya baba yao, marehemu mzee Donato Verrastro, ahamie Florida kwenye jua. Wanunuzi, mke na mume vijana kutoka Brooklyn, wakataka ua upimwe. Assunta akamwita Gaetano, akiamini kwamba mkwe mwenye adabu hafukui ukweni.

"Wewe pitapita tu, shemeji," alimwambia, akimwekea kahawa na mkate wa mayai na pilipili. "Baba alilitoa lile tangi mwaka sitini na nane. Mtaa mzima uliona."

"Kama mtaa mzima uliona, nitamaliza kabla kahawa haijapoa."

Kahawa ilipoa. Nyuma ya rafu za chupa za nyanya alikuta mabomba mawili ya shaba yamekatwa na kubanwa ncha. Akapima kwa macho yalikoelekea, akatoka nje, akafuata mstari huo hatua kwa hatua, hadi akajikuta uso kwa uso na Mama wa Mungu.

Mzee Donato alikuwa amechukua hodhi la kuogea la chuma, akalisimamisha wima, akalizika nusu, akapaka ndani rangi ya samawati na kumsimamisha Bikira humo, mikono wazi. Nusu ya Waitaliano wa mji huu walifanya hivyo. Hodhi likilala ni takataka, likisimama ni kanisa. Nyuma yake lilichomoza bomba jembamba, na juu ya bomba imefungwa taa. Majirani wakipita walipiga ishara ya msalaba, na baadhi yao, bila kujua, waliliheshimu bomba kuliko sanamu.

Mashine ikalia kwa sauti kubwa. Watu wote waliokusanyika uani, wanunuzi wakiwemo, wakacheka.

"Inalia kwa sababu ya hodhi!" alisema Assunta. "Hata kipofu anajua."

"Inalia kwa hodhi, ndiyo. Nataka kusikia italiaje hodhi likiondoka."

"Umwondoe Bikira? Wewe ambaye Jumapili lazima uamshwe mara tatu uende misa?"

Dalali wa nyumba, bwana Fusco, akamvuta kando. "Bwana Iannuzzi, andika tu 'hakuna kilichoonekana'. Si uongo. Kiko chini, kitaonekanaje?"

"Gaetano!" Bernadette alipaza sauti juu ya uzio. "Umewamaliza Wakristo wa kuwachimbua mpaka umefika mbinguni?"

Gaetano akatoa karatasi yake ya ripoti. Alijua akiandika karatasi safi, vijana wale watanunua sumu kwa jina lake. Alijua pia kwamba akiandika ukweli, atakula Noeli bila ukoo wa mkewe. Akampigia simu mkewe Filomena, aliyefundisha Kilatini miaka thelathini na moja katika shule ya masista, akamweleza kwa maneno machache. Filomena akaja kwa miguu, akamtoa Bikira kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga kwa koti la mumewe na kumketisha jikoni, kwenye kiti, kwa heshima zote. Hilo halisimuliwi na yeyote.

Hodhi likang'olewa. Mashine ikalia vilevile. Gaetano akashindilia ufito wa chuma ardhini. Ukagonga kitu kwa mlio mzito, na ulipotoka ulinuka mafuta. Bomba la taa lilikuwa pumzi ya tangi, njia yake ya kutolea hewa.

"Labda ni tangi la jirani," alisema Assunta.

"Limevuka uzio lenyewe?"

"Shemeji, nakuomba. Ni jina la baba."

"Najua ni la nani." Akaketi kwenye ngazi, akaandika: *Tangi lipo. Linavuja.* Akatia sahihi, akampa kijana wa Brooklyn karatasi yake.

Wanunuzi wakaondoka. Serikali ya jimbo ikaarifiwa, kama sheria inavyotaka, na udongo ulionuka mafuta ukachukuliwa kwa malori kumi na moja, huku Bernadette akihesabu kwa sauti. Nyumba iliuzwa mwaka uliofuata, kwa watu walioambiwa kila kitu. Assunta alikwenda Florida na sanamu yake. Usiku wa kuamkia Noeli ukoo ulikula samaki wa aina saba, kama desturi ya Waitaliano, bila Gaetano. Yeye alikula aina moja, chewa mkavu, na mkewe, na akasema alikuwa mtamu. Aliishi miaka miwili zaidi. Hakumsengenya yeyote, na hakuna ua aliopima uliomwaibisha.

Sasa imebaki ile hoja ambayo watu huileta baada ya misa, wakiwa wameshika keki mkononi: je, mzee Donato alijua alichokuwa anakifunika? Aliyekuwapo siku hodhi linasimamishwa, na bado yu hai, ni binti yake mkubwa, Filomena, wakati huo mwenye miaka kumi na minne na macho mazima. Ameulizwa na padri, na dalali, na dadake. Mumewe peke yake hakumuuliza. Filomena hajajibu, na hatajibu.