Hamingbadi wa Bustani ya Madam

Mimi ni dereva hapa Jeddah, na mtandaoni nilikuwa mtaalamu wa ndege. Juzi nilituma kwenye kundi letu la wapenda ndege picha ya hamingbadi, yule ndege mdogo wa Amerika anayeelea hewani akinyonya maua. Bustanini kwa madam, mwajiri wangu, dereva haingii, kwa hiyo nilimpiga picha nikiwa garini, nikamhakiki mara mbili.

"Huyo kapata wapi ikama ya kuishi Saudia?" akanicheka Injinia Salum wa Riyadh, msimamizi wa kundi.

"Njoo ujionee. Akiwa wa kweli, usimamizi wa kundi ni wangu."

Akaomba tuushike wote wawili. Nikakataa, tena nikaongeza sifa: haogopi paka, hashtuki honi, wala hahami ua lake. Kundi zima likanipongeza.

Ijumaa Injinia akafika na kamera ndefu kama bomba. Tukachungulia langoni. Ndege alikuwepo, ila hakupiga bawa.

"Amelala," nikanong'ona.

Madam akafungua mlango, akamtazama Injinia na mizigo yake.

"Kamau, fundi umempata? Halas, basi, mwambie kwamba yule ndege wangu wa plastiki anataka betri mpya."