Dirisha la Baba Mdogo

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, siku wazee wa ukoo wetu pale Nyansiongo walipoanza kumjengea baba mdogo Ombati nyumba.

Ukisikia hivyo utafurahi. Mtu kujengewa nyumba, si ni raha? Lakini kwetu mwanaume hazikwi bila nyumba yake, na baba mdogo maisha yake yote alikuwa dereva wa lori huko Eldoret, akilala nyumba za kupanga. Sasa alikuwa amerudi na saratani ya ini. Daktari alimweleza wazi kwamba dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu. Basi wazee wakawa na haraka. Chumba kimoja, mabati juu, udongo ukutani, mlango mpana. Dirisha hawakuweka. Jeneza lina haja gani na dirisha? Hakuna aliyesema hivyo, lakini kila mtu alijua.

Mimi nilikuwa msichana niliyeacha shule kidato cha pili, maneno mengi, ndoto nyingi. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji. Kila nikimpa kikombe namwambia, baba mdogo utapona, utaona. Kisha nakimbilia jikoni kulia.

Ijumaa moja, fundi akiharakisha kumaliza kabla jua halijatua na Sabato yetu kuingia, baba mdogo aliomba nimshike mkono akaone kazi. Tulienda polepole, blanketi mabegani mwake. Akasimama mlangoni, akaupima kwa mikono, akamgeukia baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa.

"Mlango mpana hivi, na mimi nimekonda hivi. Mnaleta ng'ombe?"

Fundi alijifanya anatafuta misumari.

"Mlango uacheni, nitautumia," baba mdogo akasema. "Lakini kwanza nataka dirisha, upande wa shamba la majani chai. Bado naishi, kaka."

Baba akachukua panga mwenyewe, akaanza kukata ukuta, udongo ukiwa bado mbichi. Nilimwona akijipangusa uso kwa mkono uleule wenye matope.

Nami kwa ile furaha nikarukia tena, nikasema sasa baba mdogo atapona kabisa. Aliniketisha kando yake juu ya mbao. Hakunikaripia kwa sauti.

"Nyaboke, mama, hayo usiniambie tena. Ukisema hivyo naachwa peke yangu na maneno ya daktari. Wewe niulize tu kesho nataka kula nini."

Nikamuuliza. Akafikiria kama mtu aliyekaa hotelini. Kesho alitaka ugali wa wimbi. Na mwezi ujao alitaka chinsaga, ile mboga yetu chungu, lakini isiwe ya sokoni. Ipandwe hapo hapo chini ya dirisha.

Tukapanda. Akahamia humo akiwa hai, akawa analala akiwatazama wachuma chai, akiwatania kwa majina. Sikufichi, zilikuwepo siku mbaya. Siku hizo aligeukia ukuta, hakutaka neno la mtu, nami nilikaa tu karibu naye. Mboga ikaota. Ya kwanza aliila vijiko vichache na akalalamika kwamba nimesahau chumvi. Kabla hatujachuma mara ya pili, akafariki.

Jeneza lilipita mlangoni bila shida. Mama alitaka kulifunga dirisha, watu wasichungulie. Baba akamwambia aliache wazi.

Mwanangu, ipo siku mtu wako ataambiwa hakuna tiba tena. Usimfiche ukweli anaoujua, wala usimzike angali anapumua. Muulize kesho anataka nini, kisha amka ukamfanyie, hata kama ni mboga tu. Mimi tumaini nililijulia hapo. Halikumponya baba mdogo, lakini hakuna asubuhi aliyoamka bila kuuliza mboga imefika wapi. Na kama siku hiyo itakuwa yako, usione haya, omba dirisha.

Mungu akupe watu wa kukukatia ukuta kwa mikono yao. Na kila asubuhi utakayojaliwa, ikukute una kitu cha kungojea.