Lenzi ya crop kwenye full frame: mtu wa pembeni katika picha zangu za Ndagoni

Wakuu, salaam kwenu mliopo na mnaochungulia bila ku-log in.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, na picha ninazo. Sitaziweka hapa, msiniombe. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mpiga picha, naishi Utende hapa Mafia. Harusi, maulidi, passport, wageni wa hoteli, vyote nashika. Miaka yote nimetumia kamera ya crop, yaani ya sensor ndogo, na lenzi moja pana, 10-20, kipenzi changu. Juzi juzi Mungu akajalia nikapata full frame iliyotumika, ya sensor kubwa, body tupu bila lenzi. Lenzi pana ya full frame sikuwa na uwezo nayo. Nikasema aah, hii yangu si inaingia?

Inaingia. Ila kwa wasiojua, lenzi ya crop inatupa duara dogo la picha. Ukiifunga kwenye sensor kubwa, duara halifiki pembeni. Unapata picha katikati na giza kuzunguka, kama unachungulia kisima. Na kwa kuwa yangu ni ya kampuni nyingine, kamera haikuitambua ili ikate hilo giza yenyewe.

Najua kuna watu humu mishipa imeshawasimama. Tulieni.

Ujanja wangu ulikuwa kuweka kamera kwenye mraba. Kwenye kioo cha kamera naona mraba wa katikati tu, msafi. Faili la RAW, lile ghafi, linabaki na kila kitu, duara zima na giza lake. Lile duara mimi hata sikuwa na habari nalo. Shikeni hapo.

Basi akaja bwana mmoja wa Ndagoni, tumwite Bwana Seif. Kwao ni watu wa mashamba ya minazi, wana nyumba ya mawe ya zamani. Aliyekuwa anaishi mle ni kaka yake, amefariki karibuni. Bwana Seif anataka picha za vyumba vyote amtumie mnunuzi wa Dar, haraka.

"Nyumba tupu," akaniambia. "Mjane amekwenda kwao Unguja."

Nikampa pole, nikapanda pikipiki, asubuhi nipo Ndagoni.

Wakuu, ile nyumba! Bwana Seif alifungua kufuli la nje, akabaki amesimama mlangoni. Ndani hakutia mguu. Madirisha yamefungwa, mwanga unapenya kwenye nyufa. Vyumba virefu vyembamba, kimoja kinaingilia kingine, dari za boriti ziko juu kabisa. Nilitaka dari na sakafu kwa pamoja, kwa hiyo nikabaki kwenye 10, upana wote wa lenzi, mwanzo mwisho.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya udi. Udi wa sasa hivi, si wa jana. Nyumba tupu, udi wa nani?

Chumba cha pili nikasikia maji yanamiminwa, taratibu. Nikaita, "Bwana Seif, humu kuna mtu?"

"Paka huyo. Wewe piga picha, kijana."

Paka anamimina maji? Nikajifanya nimeelewa. Lakini mwili ulikuwa unanisisimka, na kila nikibandika jicho kwenye kamera nahisi mtu yupo ubavuni kwangu. Nikisikia pumzi najiambia ni zangu. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka, nasema kweli. Nikapiga haraka haraka, chumba hadi chumba, jicho kwenye ule mraba, nikatoka nje natokwa jasho.

Alasiri nipo nyumbani na laptop, mama yangu yupo kando anasuka ukili. Nikafungua RAW. Programu ikanifungulia faili zima, duara na giza lake.

Picha ya kwanza, kushoto, pale picha inapoanza kuzama gizani, pana kitu cheupe. Nikadhani pazia.

Ya pili kipo. Chumba kingine, upande ule ule.

Nikakuza. Vidole. Mtu ameshika mwimo wa mlango, uso umevutwa na lenzi mpaka umekuwa mrefu, macho yananitazama mimi. Chumba kinachofuata yupo. Kinachofuata yupo. Na kwa lenzi pana namna ile, wakuu, anayetokea pembeni kabisa hayuko mbali. Ni wa kunyoosha mkono ukamgusa.

Nilipiga ukelele jamani. Mtu mzima na ndevu zangu.

Nikampigia Bwana Seif. Nilidhani atashangaa, kumbe akakasirika. "Mimi nilikwambia picha za nyumba. Kata hizo pembe, nitumie leo leo, mengine futa." Akakata simu. Hata hakuuliza ni mtu gani.

Mama akasogea, akaangalia.

"Mbona huyu Saada?"

"Saada gani?"

"Mke wa marehemu. Tulikwenda kumpa pole tukakuta kufuli, shemeji yake akatwambia amekwenda kukaa eda Unguja." Akainama tena kwenye kioo. "Hizi nguo nyeupe ni za eda. Huyu hajaenda popote."

"Na udi, mama? Mle ndani pananukia udi."

Mama akaweka ukili chini. "Mwenye eda hafukizi udi, mwanangu. Manukato hagusi kabisa."

Mungu anisamehe, nilitamani awe jini. Jini ningemsomea dua nikalala. Mtu aliyefungiwa ndani unamfanyaje?

Mama hakungoja mjadala. Akajitupia buibui, akampigia dada yake wa Ndagoni. Tulipofika, kina mama wameshajaa barazani na mwenyekiti wa kijiji ana nyundo mkononi. Bwana Seif haonekani. Kufuli likavunjwa.

Sisi wanaume tukabaki nje kwa heshima ya eda. Nikasikia kina mama wanalia ndani. Kumbe yu hai. Amekonda, anakula akiletewa na shemeji anapotaka kuleta. Asubuhi ile Seif alikuwa amemwambia anakuja mtu wa mnunuzi, ajifiche, akitoa sauti leo leo analala nje. Seif alitaka nyumba iuzwe kabla eda haijaisha na mjane hajadai fungu lake la mirathi.

Mauzo yamesimama, kesi iko kwa kadhi. Udi haukuonekana, wala chetezo, nyumba nzima. Bi Saada anasema marehemu ndiye aliyekuwa akifukiza kila asubuhi. Hapo sina la kuongeza.

Ila kinachoninyima usingizi si udi. Kabla hatujaondoka Bi Saada aliniita, akasema nami nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamera?"

"Ndiye mimi."

"Nilikufuata chumba kwa chumba. Nikawa nasimama pale ambapo shemeji hanioni, wewe unaniona. Lile jicho likanielekea, nikasema alhamdulillahi, kijana ameniona." Sauti ikasogea karibu zaidi na dirisha. "Mbona ulinitazama nyumba nzima usiseme neno?"

Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa naangalia mraba?

Kwa hiyo wakuu, lenzi ya crop kwenye full frame inapiga kazi, tusidanganyane. Lakini fungua duara zima kabla hujakata kitu. Na ukihisi mtu ubavuni, toa jicho kwenye kamera ugeuke. Mimi mraba nimeuzima. Lile giza siku hizi nalikagua picha kwa picha, hata za harusi.

Nyie mnaotumia lenzi za namna hii, huwa mnaangalia mnachokata? Na mwenye maelezo ya ule udi aseme, mimi nasoma kila comment.