Mara ya Pili Kuambiwa Mama Amefariki

Simu ya hospitali ilimkuta dada mtu akipiga pasi sare za shule za wanawe. Muuguzi alisema kwa upole kwamba mama amefariki alfajiri, moyo ulisimama. Dada alichomoa pasi, akakaa palepale sakafuni. "Mungu wangu, mpokee," akasema. Kisha hofu ikamkaba kuliko hata majonzi: atamwambiaje mdogo wake?

Mdogo wake alikuwa fundi makochi, mtu wa mizaha, mtaa mzima ukimwita Springi. Mwaka uliopita aliingia kwenye shindano la runinga: watu kumi, nyumba isiyo na dirisha, kamera mpaka msalani. Siku ya ishirini spika ikamtangazia kwamba mama yake amekufa. Springi aligaragara hadi mdomo ukapasuka. Baada ya saa nzima waandaaji wakaingia na keki wakicheka. Kumbe lilikuwa jaribio tu. Mama alikuwa sebuleni kwake akichambua mchele, akajiona kwenye runinga anavyoliliwa.

"Angalau nimejua atalia," alisema. Lakini ule mchele hakuumaliza.

Tangu atoke, Springi hakuwa yule tena. Alipasua makochi ya wateja akitafuta kamera. Katikati ya mlo alinyamaza, akaitabasamia taa. Siku moja alimkazia mama macho, akamuuliza, "Wewe wamekuleta lini?"

Dada alimkuta karakanani.

"Mdogo wangu, mama ametutoka."

Springi aliweka mkasi chini. Akaikagua dari, pembe hadi pembe. Akacheka.

"Mmerudi na ileile? Si mtunge nyingine!"

"Ni mimi, dada yako."

"Najua. Unaigiza vizuri, ila unatetemeka mno. Umesahau maneno?"

"Naapa mbele za Mungu."

"Hata wa spika aliapa."

Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane. Springi asipokwenda, mama angezikwa bila kuagwa na mwanawe wa pekee wa kiume. Akienda bila kuamini, angeweza kumvuta mama atoke jenezani mbele za watu. Dada alipiga magoti kwenye vipande vya sponji, akaomba kwa sauti. Springi akampigia makofi.

Kesho yake Springi alikuja mazishini. Amevaa shati safi na kuchana nywele, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Wajomba wawili walijipanga nyuma yake.

"Akimgusa tu, mdake," mjomba mkubwa alinong'ona.

Dada alisimama kati yao na mdogo wake. "Mwacheni amguse, mjomba."

Springi aliinamia jeneza. "Mama, inuka. Wameshamaliza."

Akangoja. Akaweka kiganja kwenye shavu la mama, akakiondoa upesi, akakirudisha.

"Dada, amepoa. Amepoa kabisa."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Springi akaporomoka. Wajomba walimdaka, wakamshikilia mpaka akaweza kusimama.

Walimbeba mama hadi kaburini, Springi akiwa mbele upande wa kushoto. Sala ilisomwa. Jeneza likashushwa kwa kamba, watoto wake wakatangulia kutia udongo. Springi alitia konzi moja, akasema, "Kwaheri, mama," kwa sauti ndogo. Wachimbaji wakashika koleo, wakafukia.