Samaki Waliojileta Wenyewe

Juzi niliingia duka moja Bunda kununua betri za tochi, harufu ya dawa ya kupe ikanishika puani. Tangu niache shule darasa la sita nimeishi kwingi, lakini harufu ile hunirudisha kwetu Mugeta.

Josho la kijiji lilikuwa limebomoka, kwa hiyo kila mtu alinyunyizia ng'ombe wake kando ya mto, karibu na maji ya kuchanganyia dawa. Siku moja baba mdogo alipomaliza, aliwaacha wavuke wakiwa bado wanachuruzika, kisha akasuuza bomba lake la mgongoni mtoni humohumo.

Sisi watoto tulikuwa chini kidogo, tunateka maji. Kambare wakaanza kupanda juu, wakizunguka kama walevi, halafu wakageuza matumbo meupe. Kaa nao wakatoka, wakajilaza kwenye tope. Tukajaza ndoo huku tunacheka.

Nyumbani, mama akawabandika kwenye chungu. Mdogo wangu Bhoke, asiyejua kusubiri, alikwisha kubanika mmoja na kumla mpaka kichwa.

Baba mdogo akaingia, akaiona ndoo.

“Shemeji, hawa wametoka wapi?”

“Mtoni. Wamejileta wenyewe.”

“Ipua hicho chungu. Nani amekula?”

Bhoke akanyoosha mkono kama yuko darasani.

Wakamnywesha maziwa, kibuyu kizima. Tukamzunguka. Mama alimpapasa tumbo huku akisali rozari kwa sauti ya chini. Mimi nilikitazama kifua cha Bhoke kikipanda na kushuka, nikiogopa hata kupepesa macho.

“Unasikia kizunguzungu?” mama akamuuliza.

“Nasikia njaa.”

“Usitanie, mtoto wewe.”

“Basi niongezeni maziwa.”

Jioni alikuwa anakimbizana na mbuzi. Baba mdogo akapumua. “Si mnaona? Tulikuwa tunajitisha bure.” Ng'ombe walipofikia zamu nyingine, akanyunyizia palepale.

Nimekuja kuelewa ukubwani, kwa kuwaulizauliza mabwana mifugo kila nilikopita: dawa ambayo ng'ombe huivumilia mgongoni, ikiingia majini kidogo tu huua samaki, kaa, hata vijidudu ambavyo samaki hula. Bhoke sasa ana watoto wake Musoma, namshukuru Mungu. Ila niwaambie ninyi: mwaka ule mvua zilinyesha na vyura hawakulia mtoni, wala hakuna aliyeuliza. Kwa kuwa mtoto wetu hakufa, tulijiaminisha kwamba mto nao ulikuwa mzima.