Shangazi, Mfungulie na Pua

Mume wangu alimlisha shangazi yake nyama iliyooza mbele ya ukoo mzima, na nyama hiyo ndiyo iliyoiokoa ndoa yangu.

Ngoja kwanza, usicheke.

Naitwa Meleane, naishi kisiwa cha Tongatapu, nchini Tonga. Niliolewa na Sitaleki, mpole, mchapakazi, mwenye sauti nyororo iliyofanya kwaya za makanisa mawili zimgombanie. Umri miaka thelathini na mbili, kidevu kama cha mtoto.

"Sauti ya malaika," ukoo ulijisifu.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini haikuwahi kuwa nzito. Hata mimi sikujiuliza, kwa hiyo na mimi niwekeni kwenye kundi la wajinga.

Miaka sita, hakuna mtoto.

Kwetu, dada wa baba ndiye mkubwa kuliko wote. Anakula wa kwanza, anachukua anachotaka, na ukimuudhi anakufunga kizazi. Ndivyo watu wanavyoamini. Shangazi wa Sitaleki, Vaimoana, aliipenda sana imani hiyo.

"Mkeka ulioniletea siku ya harusi ulikuwa mwembamba," aliniambia. "Moyo wangu haujatulia, mwanangu. Na usipotulia, huzai."

Basi nikasuka. Mkeka mmoja mzuri unakula miezi ya vidole vyako. Nampelekea nimepiga magoti, anaukagua, anautia kwapani. Moyo unatulia wiki mbili, kisha unachafuka tena.

Moyo gani huo, jamani, unaotibiwa kwa mikeka tu?

Nilifikisha mikeka saba. Mwaka wa sita akachoka kusubiri, akatangaza mbele ya watu:

"Krismasi ikipita na tumbo likiwa vilevile, mrudisheni kwao, kisiwani 'Eua. Sitaleki nitamtafutia mwanamke."

Sitaleki akainamisha kichwa tu. Shangazi habishiwi.

Jumapili moja ya Novemba tukakusanyika kwake kwa karamu. Sitaleki ndiye aliyefukia chakula kwenye tanuri la shimo. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, na nyama ya kondoo kwenye friza ilishakuwa uozo mtupu. Yeye akaifunga kwenye majani ya magimbi na tui la nazi, huku anapiga mluzi. Sisi wengine tulikuwa kanisani.

Shangazi akawekewa wa kwanza. Alikuwa na haraka ya kula na haraka ya kunisimanga, akavifanya vyote kwa pamoja.

"Mwanamke mkavu kama..." tonge, "...hata mbuzi anazaa..." tonge.

Tonge la tatu akanyamaza. Macho yakamtoka.

Tuliobaki ndio kwanza tulikuwa tunafungua majani. Lo! Watu wakakimbia na pua zao mkononi.

"Ananiua!" shangazi akapiga kelele. "Huyu tasa ananiua!"

Watu wawili tu waliendelea kula kwa raha zao. Mmoja ni Sitaleki. Wa pili ni Mjomba Heamasi, kaka wa mama mkwe wangu, kapera wa miaka hamsini na tano asiye na unywele mmoja kidevuni.

"Mbona mnakimbia?" Mjomba akauliza, anajilamba vidole.

Wote watatu tuliwapeleka zahanati. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, Lesieli. Alimsikiliza shangazi akitapika na kunilaani, kisha akawageukia wale wawili.

"Hamkusikia harufu?"

"Harufu ipi?" wakajibu pamoja, kwa sauti zao za malaika.

Lesieli akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mliwahi kunyoa ndevu?"

Wote wawili wakajipapasa videvu.

Damu ilipelekwa Auckland, New Zealand. Majibu yaliporudi, akatueleza taratibu. Mtoto akiwa tumboni, seli za kuamsha homoni za uzazi husafiri kwa kufuata mishipa ya harufu. Kinasaba kikiwa na kasoro, safari inakatika. Pua haifanyi kazi, na balehe haiji.

"Kasoro hii Sitaleki ameirithi kwa mama," akasema. "Mama anaibeba bila kuumwa. Upande wa baba hauhusiki."

Mama mkwe akalia. Mimi nilikuwa namtazama dada wa baba.

Alikuwa anakagua kucha zake.

Sitaleki akaanza sindano, karibu miaka miwili. Ndevu zikaota, sauti ikashuka, kwaya zote mbili zikaomboleza. Mwaka jana nikajifungua binti.

Siku ya ubatizo, nani akasimama? Vaimoana, kwenye mkeka wangu wa tano. Naujua kwa ukingo wake.

"Mmeona?" akasema. "Nimesamehe, nimefungua kizazi. Jina la mtoto nampa mimi."

Ukoo ukapiga makofi! Watu wenye akili zao timamu, waliomwona Sitaleki akidungwa, wakapiga makofi.

Nikasimama, jambo lisilofanywa mbele yake.

"Shangazi, asante. Basi mfungulie na pua."

"Nini?"

"Sindano zimeleta mtoto, pua hazikuigusa. Mume wangu hajui mwanawe ananukiaje. Wewe unayefunga na kufungua, maliza kazi. Tunasubiri."

Ghafla akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, akaondoka.

Wasomaji, mtoto asipokuja, nendeni hospitali mke na mume, wote wawili. Msimpigie magoti mtu anayejivunia kuleta ugonjwa asioujua hata jina. Binti yangu naye amebeba kasoro ya baba yake, na nitamwambia mapema, kwa mdomo wangu.

Mkeka wa nane nimeshausuka. Anaulalia binti yangu.